Maradhi ya Kusahau na Wajibu Wetu kwa Wazee

 

Katika darasa letu la hapa Kakamega, lifanywalo baina ya Magharibi na Isha, ndugu mmoja alituuliza suali lililotunyamazisha sote. Alisema: “Sheikh, mama yangu kila jua likichwa hujitanda leso akataka kutoka, asema arejea kwao kwa mamake, na mamake amekufa zamani. Mimi mwanawe wa kumzaa aniita mgeni. Majirani wasema amerogwa, na mganga ataka mbuzi na pesa. Nifanyeje?”

Tuliona ya kuwa suali hili si la mtu mmoja wala la mji mmoja. Nyinyi ndugu zetu wa Mombasa, Malindi, Lamu na Unguja mnao wazee wa namna hii majumbani, ila mara nyingi hufichwa chumba cha ndani kwa kuona haya. Basi tumeandika jawabu yetu ili imfae kila aliye na mzee.

Kwanza, yatupasa tujue ya kuwa kusahau si kwa namna moja. Mzee asahauye alipoweka ufunguo, kisha akakumbuka, huyo ni mzee tu. Lakini ashikaye ufunguo asijue ni wa kazi gani, au arudiaye suali lile lile mara kumi kwa saa moja, au apoteaye katika njia ya msikiti aliouendea miaka 40, huyo yafaa achunguzwe, kwani huenda ni mgonjwa. Madaktari huiita hali hiyo dimenshia. Sababu yake kubwa ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio uliowapata wagonjwa 60 mpaka 70 katika kila 100 wenye hali hiyo.

Jina hilo ni la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, alimtazama mwanamke wa miaka 51 aliyekuwa akisahau mambo na kumdhania mumewe mabaya. Mwanamke yule alipokufa mwaka 1906, ubongo wake ulitazamwa kwa darubini ukaonekana umesinyaa. Baina ya seli zake mlikuwa na madoa, na ndani ya seli mlikuwa na nyuzi zilizosokotana. Leo yajulikana ya kuwa madoa yale na nyuzi zile ni protini zilizoharibika na kujikusanya, zikaua seli kidogo kidogo kwa miaka mingi. Basi maradhi haya yameonekana kwa macho katika nyama ya ubongo. Si jini, si hasidi, wala si laana ya mtu.

Na aghalabu huanzia pale mahali pa ubongo panapotia kumbukumbu mpya. Ndiyo maana mzee husahau chakula cha adhuhuri, na huku akikumbuka nani aliyepika wali wa harusi yake. Mama wa ndugu yetu hatafuti mzimu anapotaka kutoka. Atafuta nyumba ya utoto wake, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyobakia wazi katika akili yake.

Wala asidhani mtu kuwa haya ni maradhi ya Wazungu. Shirika la Afya Duniani limehisabu watu milioni 57 wenye dimenshia katika mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao wakaa katika nchi zisizo tajiri kama zetu.

Pili, tutazame khatari ya kuyaita maradhi haya uchawi. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani katika Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu kwa kutuhumiwa uchawi. Na pwani kwenu, katika Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma hizo hizo, hata Kaya Godoma, huko Ganze, pakawa ni kimbilio la waliokimbia watu wao wenyewe. Hatusemi ya kuwa kila aliyeuawa alikuwa na maradhi haya. Wako waliotakiwa mashamba yao tu. Lakini tazameni: mzee asemaye peke yake, atembeaye usiku, aingiaye nyumba isiyo yake akasema ni yake, ni nani atakayetangulia kunyoshewa kidole kuliko huyo? Mwenye kupeleka mbuzi kwa mganga ajue ya kuwa mganga hatarudisha akili ya mama, bali atataja jina la jirani, na jina hilo laweza kuwa damu.

Tatu, ziko hukumu za dini ambazo wengi wetu twaghafilika nazo.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha ya kuwa kalamu huondolewa kwa asiye na akili mpaka irudi. Kwa hiyo mzee aliyeondokewa na akili kabisa hadaiwi sala wala saumu, na kumkemea kwa kuwa ameongeza rakaa ni ujinga wetu, si ucha Mungu. Akiwa na nyakati za fahamu, na akumbushwe kwa upole, asimame na mtu ubavuni mwake.

Vivyo hivyo, kuuza kwake, kutoa kwake zawadi na talaka yake, akiwa hana akili, havina nguvu. Mwana ampelekaye babake asiyejua leo ni siku gani akamtia kidole gumba katika hati ya shamba, huyo hakupewa, ameiba. Na jambo la busara ni hili: dalili zinapoanza, na akili ingali ipo, mzee aandike madeni yake na wasia wake mbele ya mashahidi, wala wasia usipite thuluthi. Likitokea la kutatiza, na aulizwe Kadhi kabla ya ndugu kugombana.

Nne, yale ya kufanya. Mpelekeni hospitali kwanza, kwani kuna kusahau kunakotibika: kwa upungufu wa vitamini B12, kwa tezi ya shingo isiyofanya kazi, kwa huzuni nzito, kwa homa ya maambukizo, au kwa dawa anazokunywa mzee. Ikithubutu kuwa ni Alzheimer, dawa ya kuuondoa bado haijapatikana, ila ziko za kupunguza taabu yake kwa wengine. Washeni taa mapema kabla ya giza. Fichani kiberiti na gesi. Mtieni mfukoni karatasi yenye jina na nambari ya simu. Wala msibishane naye. Akisema aenda kwao, tembeeni naye hatua chache, mumuulize habari za mamake, kisha mrudi naye chai.

Nanyi ambao hamjazeeka, jichungeni. Wataalamu walioandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 walikisia ya kuwa wagonjwa 45 katika kila 100 wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa maradhi, lau yangeondolewa mambo 14. Miongoni mwayo ni shindikizo la damu, sukari, tumbaku, uziwi usiotibiwa na kukaa bila ya kutaharaki.

Tano, na hili ndilo zito kuliko yote. Twaona nyumba ya watoto saba: binti mmoja huosha, hulisha na kukesha, na sita huleta salamu na nasaha. Atumaye pesa kutoka Nairobi au Maskati afanya vyema, lakini pesa haimpi yule binti usingizi. Suratul Nahli, aya ya 70, imekwisha tuambia ya kuwa wako watakaorudishwa katika umri dhaifu wasijue kitu baada ya kujua. Na Suratul Israa, aya ya 23, imetukataza hata neno dogo la kuonyesha kero kwa wazazi waliozeeka. Amri hiyo haikushushwa kwa binti mmoja. Gawaneni zamu, na mlezi apate angalau siku moja katika juma ya kupumzika, asije naye akaugua.

Yule ndugu hakumpa mganga mbuzi. Amemfikisha mamake kwa daktari, na dada zake wawili walioolewa Mumias sasa huja kwa zamu. Mama angali akimwita mgeni. Naye humwitikia: “Labeka, mama.”

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, awape subira wanaowalea, na atujaalie nasi wa kutulea siku tutakaposahau. Amin.