Bangi: Ulevi au Dawa?

Mtoto mwenye kifafa ameanguka tena karibu na moto. Baba yake, aliyekwisha kutafuta dawa huku na huku, asikia redioni ya kwamba katika nchi nyingine bangi imeruhusiwa kuwa dawa. Jioni jirani amwambia: «Kama ndivyo, nunua ile inayouzwa njiani, umfukizie mtoto.» Je, baba huyo alifuate shauri hilo? Kabla ya kujibu, yafaa kujua sheria zimegeuka namna gani, na jambo gani halikugeuka.

1. Mlango uliofungwa

Bangi kuitwa dawa si jambo jipya. Mwaka 1839 mganga wa Ireland, William O'Shaughnessy, aliyefanya kazi Calcutta katika Uhindi, aliandika jinsi alivyoijaribu kwa wagonjwa wenye degedege na maumivu ya viungo. Waganga wa Ulaya na wa Marekani wakaipokea. Lakini nguvu yake haikujulikana sawasawa: chupa moja ilikuwa kali, nyingine dhaifu. Tena watu wengi waliivuta ili kulewa, si kwa sababu ya ugonjwa.

Polepole mlango ukafungwa. Mwaka 1925 mataifa yaliyokutana Geneva yaliitia chini ya ulinzi pamoja na afyuni. Mwaka 1942 Marekani iliifuta katika kitabu chake cha dawa. Na Mapatano ya mataifa ya mwaka 1961 yaliiandika katika orodha kali kabisa, pamoja na heroini.

2. Mlango uliofunguliwa kidogo

Mwaka 1964, katika Israeli, wataalamu Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni walikitenga kile kitu kinacholevya katika bangi, kiitwacho THC. Kiko na kingine, CBD, ambacho hakilevyi. Tangu hapo waganga waliweza kupima, maana kitu kisichopimika hakiwezi kuwa dawa ya kutegemewa.

Mioyo ya watu nayo iligeuka. Huko San Francisco wagonjwa wa ukimwi, waliokonda kwa kukosa hamu ya chakula, walisema kwamba bangi yawarudishia hamu hiyo. Tarehe 5 Novemba 1996 wananchi wa California walipiga kura, wakawaruhusu wagonjwa kuitumia kwa shauri la mganga. Mwaka 1969, katika Wamarekani 100, watu 12 tu walikubali bangi iruhusiwe. Mwaka 2023 walikuwa 70.

Nchi nyingine zikafuata: Kanada mwaka 2001, Uingereza mwaka 2018. Katika Afrika, Lesotho ilitangulia mwaka 2017 kutoa ruhusa ya kuilima kwa ajili ya dawa. Tarehe 2 Desemba 2020, mjini Vienna, wajumbe wa mataifa walipiga kura, 27 kwa 25, kuiondoa katika ile orodha kali kabisa. Lakini haikuachwa huru. Ingali chini ya ulinzi. Jirani yetu Rwanda imeruhusu ilimwe kwa ajili ya dawa, nyuma ya ua na kwa cheti cha serikali; lakini mtu akiivuta huko, ana hatia.

3. Mambo yasiyogeuka

Kwanza: dawa si moshi. Dawa ya CBD iliyokubaliwa Marekani mwaka 2018 kwa aina mbili za kifafa kizito ni maji ya kunywa yenye kipimo. Bangi ya njiani haina kipimo, na ndani yake mna THC nyingi. Yaweza kuharibu akili ya kijana, na hata kumtia wazimu.

Pili: si dawa ya kila ugonjwa. Yaweza kupunguza kutapika kwa mgonjwa anayetibiwa saratani. Lakini haikuthibitishwa kwamba yaponya saratani yenyewe.

Tatu: kila nchi ina sheria yake. Ruhusa ya Kanada haimlindi mtu wa Kongo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 nayo yatofautisha: kutumia madawa ya kulevya ni kosa zito, isipokuwa kwa kutibu tu.

4. Shauri kwa baba yule

Asimfukizie mtoto. Ampeleke kituo cha afya. Iko dawa ya zamani, ya bei ndogo, iitwayo fenobarbitali. Wagonjwa wa kifafa wakitibiwa vizuri, hata 70 katika 100 waweza kuishi bila kuanguka. Dawa itolewe kila siku, wala isikatwe ghafula bila shauri la mganga. Na mtoto akianguka, jirani asiogope kumshika na kumwondoa motoni, maana kifafa hakiambukizi.

Maswali

Swali: Je, sheria zilizogeuka zimesema kwamba bangi ni njema?
Jibu: Hapana. Zimesema kwamba dawa iliyopimwa yaweza kumfaa mgonjwa fulani, chini ya ulinzi wa mganga.

Swali: Je, yafaa kumdharau mgonjwa anayepewa dawa hiyo na mganga katika nchi inayoiruhusu?
Jibu: Haifai. Huyo hatafuti ulevi, atafuta nafuu.

Swali: Mtu amtambueje anayejidanganya?
Jibu: Yeye asema «dawa», lakini hana ugonjwa, hana mganga, hana kipimo.