KAZI ILIYONAKILIWA KWA WIZI KATIKA INTANETI: NAMNA YA KUTOA TAARIFA

Utangulizi

Mwizi akichukua baiskeli ya mtu, mwenyewe hubaki bila baiskeli. Mtu akinakili maandishi au mchoro kutoka katika intaneti, mwenye kazi hubaki nayo kama ilivyokuwa; kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba hakuna aliyedhulumiwa. Dhana hiyo haina msingi. Na ichukuliwe kwa mfano hali ya mwalimu wa Biolojia ambaye kwa muda wa miaka miwili amechora kwa mkono wake picha 40 za viungo vya mwili, akaziandikia maelezo, na kuziweka katika tovuti ili wanafunzi wa mahali popote wazisome bila malipo. Siku moja anazikuta katika tovuti nyingine. Jina lake limefutwa, na kila mchoro unauzwa. Mwalimu huyo amepoteza sifa ya kazi yake pamoja na uwezo wa kuamua itumiwe vipi. Naye mwanafunzi anatozwa fedha kwa kitu alichokusudiwa kupewa bure.

Aghalabu mtu aliyefikwa na jambo hili huandika barua ya hasira, na barua hiyo haijibiwi. Hata hivyo, ipo njia iliyowekwa na sheria ya kuitaka kampuni inayohifadhi ukurasa ule iuondoe. Njia hiyo hudai ushahidi, anwani sahihi na maneno ya kweli. Makala haya yanaeleza hatua zake.

1. Kinacholindwa na sheria

Hakimiliki ni haki ya mtungaji juu ya kazi aliyoitunga. Kwa Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, haki hiyo haitegemei kusajiliwa. Kwa kuwa mataifa zaidi ya 180 yamo katika mkataba huo, mchoro uliochorwa Morogoro hulindwa hata katika seva iliyoko Ulaya au Marekani.

Hata hivyo, hapana budi kupambanua. Hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa au kuchorwa. Haiulindi ukweli wenyewe. Kwamba moyo wa binadamu una vyumba vinne ni maarifa ya watu wote, na mwalimu hawezi kumlalamikia mwenzake kwa kulieleza jambo hilo kwa maneno yake mwenyewe. Anaweza kulalamika iwapo mchoro wake, au aya zake, zimechukuliwa kama zilivyo. Aidha, sheria za nchi nyingi huruhusu kunukuu sehemu fupi na kumtaja mtungaji, hasa kwa mafunzo. Anayetaka kutoa taarifa sharti ajiulize kwanza kama kilichotendeka kimo katika ruhusa hizo.

2. Kutafuta mahali ukurasa ulipohifadhiwa

Tovuti huhifadhiwa katika seva, yaani kompyuta iwashwayo usiku na mchana ili kutoa kurasa kwa wanaoziomba. Watu huitambua tovuti kwa jina, lakini kompyuta hutambuana kwa namba ziitwazo anwani za IP. Mfumo wa kubadili majina kuwa namba ulibuniwa mwaka 1983, nao hufanya kazi mithili ya kitabu cha namba za simu. Anwani za toleo la nne zina tarakimu 32 za jozi. Hivyo idadi yake ni 2 kwa kipeo cha 32, yaani 4,294,967,296.

Anwani hizi hugawiwa na ofisi tano za kanda mbalimbali za dunia. Ya Afrika huitwa AFRINIC, na makao yake yako Mauritius. Daftari za ofisi hizo zi wazi. Ukijua jina la tovuti, kompyuta itakupa namba yake, na daftari itakuonyesha kampuni iliyopewa namba hiyo, mara nyingi pamoja na anwani ya baruapepe ya kupokelea malalamiko.

Katika hatua hii wengi hukosea, kwa kuwa kuna makundi kadhaa yanayohusika na tovuti moja. Yupo mwenye tovuti. Ipo kampuni iliyosajili jina. Ipo kampuni iliyohifadhi mafaili. Pengine ipo kampuni ya kati, ambayo hupokea maombi ya wasomaji na kuyapeleka kwenye seva halisi. Namba inayoonekana huwa ya kampuni hiyo ya kati, na haina budi kuombwa imtaje mwenye seva. Ikiwa kazi iliyonakiliwa imewekwa katika jukwaa la picha, video au vitabu, shughuli ni rahisi zaidi, kwa maana majukwaa makubwa yana fomu maalumu za kupokea taarifa hizi. Injini za utafutaji nazo huweza kuondoa kiungo katika majibu yao, ila ukurasa wenyewe hubaki pale ulipo.

3. Kukusanya ushahidi

Ushahidi hukusanywa kabla ya kumwandikia mtu yeyote, kwani mnakili akishtuka anaweza kuufuta ukurasa leo na kuurudisha kwa jina jingine kesho. Mambo yafuatayo yahifadhiwe:

(a) Anwani kamili ya kila ukurasa wenye kazi iliyonakiliwa. Kutaja jina la tovuti peke yake hakutoshi.

(b) Picha ya skrini ya kila ukurasa, pamoja na tarehe na saa.

(c) Faili za asili, rasimu, na michoro ya penseli iliyotangulia.

(d) Ushahidi wa mtu wa tatu. Wayback Machine ya Internet Archive, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, huhifadhi nakala za kurasa pamoja na tarehe zake. Ikiwa ukurasa wa mwalimu ulihifadhiwa humo kabla ya ule wa pili kuwapo, hoja yake hupata nguvu.

(e) Makosa ya pamoja. Iwapo mwalimu alikosea herufi moja katika jina la mshipa, na kosa lile lile limo katika nakala, ni vigumu kudai kwamba watu wawili walikosea hivyo kwa sadfa.

Kompyuta huweza pia kukokotoa "alama ya kidole" ya faili. Kwa kanuni iitwayo SHA-256, faili yoyote, ndogo au kubwa, hutoa namba yenye tarakimu 64 za mfumo wa kumi na sita. Ikibadilishwa herufi moja tu, namba hugeuka kabisa. Alama zikilingana, faili mbili ni sawasawa. Zikitofautiana, isidhaniwe kwamba hapakuwa na wizi, kwa kuwa picha iliyopunguzwa ukubwa kidogo tu hupata alama nyingine.

4. Taarifa yenyewe

Sheria inayotumiwa zaidi katika jambo hili ni ya Marekani, iliyotiwa saini Oktoba 1998 na kujulikana kwa kifupi kama DMCA. Kwa sheria hiyo, kampuni inayohifadhi kurasa za wateja huepuka kulipa fidia kwa makosa yao iwapo, pamoja na kutimiza masharti mengine, itaondoa upesi kitu kilichotolewa taarifa sahihi. Ndiyo sababu kampuni isiyomjua mwalimu hata kidogo humsikiliza. Taarifa huwa na mambo sita:

1. Saini ya mwenye haki au wakala wake; saini ya kielektroniki yakubalika.
2. Kazi ya asili iliyonakiliwa.
3. Kitu kinacholalamikiwa, na mahali hasa kilipo.
4. Anwani za kumpata mtoaji wa taarifa.
5. Tamko kwamba anaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayakuruhusiwa na mwenye haki wala na sheria.
6. Tamko kwamba maelezo ni sahihi, na kwamba ana mamlaka ya kulalamika, akijua kuwa kuapa uongo kuna adhabu.

Nchi nyingine zina taratibu zao. Kenya iliingiza taarifa za namna hii katika sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 17 Februari 2024, huzitaka kampuni ziwe na njia rahisi ya kupokea taarifa.

Nakala ya taarifa huweza kufika mikononi mwa mlalamikiwa. Ni busara, basi, kutumia anwani ya kazini badala ya ile ya nyumbani.

5. Haki ya anayelalamikiwa

Kampuni haiamui kesi. Hutazama tu kama taarifa imekamilika. Kwa hiyo taarifa ya uongo huweza kumnyamazisha mtu asiye na hatia. Mwaka 2007 mama mmoja wa Pennsylvania aliweka katika YouTube video ya sekunde 29 ya mtoto wake akicheza, huku wimbo wa Prince ukisikika. Kampuni ya muziki ilitaka iondolewe, ikaondolewa. Mama alikanusha, ikarudishwa. Kesi iliyofuata ilifika mahakama ya rufani, ambayo mwaka 2015 iliamua kwamba mwenye haki lazima afikirie matumizi yaliyoruhusiwa na sheria kabla ya kutoa taarifa.

Chini ya DMCA, mlalamikiwa akipeleka kanusho, kitu hurudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi, isipokuwa mlalamikaji amefungua kesi mahakamani.

Hitimisho

Njia hii ina mipaka: kampuni nyingine hupuuza taarifa, na nakala iliyoondolewa hapa huweza kuzuka kwingine. Lakini mwalimu aliyeweka tarehe, rasimu na anwani kamili anaweza kuirudia hatua hiyo kila inapohitajika, na ushahidi ule ule utamfaa hata mahakamani.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya kunakili ukweli wa kisayansi na kunakili maelezo ya ukweli huo.
2. Kwa nini ushahidi hukusanywa kabla ya kumwandikia mnakili?
3. Alama za SHA-256 za picha mbili zimetofautiana. Je, hilo lathibitisha kwamba picha ya pili haikunakiliwa? Toa sababu.
4. Kanusho limepokelewa Jumatatu. Ikiwa kuhesabu kunaanza Jumanne na hakuna sikukuu, siku ya kazi ya 14 itaangukia siku gani ya juma?