Kufundisha Somo la Damu Inayoganda Pasipo Jeraha: Ugonjwa wa Selimundu

Utangulizi

Mwalimu atakayepangiwa shule ya kijiji, kama zile za Mgori mkoani Singida, hana budi kujiandaa kumpokea mtoto mwenye selimundu. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu nchini Tanzania kila mwaka. Mtoto huyo hukosa masomo mara kwa mara na hulalamika maumivu ya mifupa. Mwalimu asiyejua humwita mvivu, nao wenzake husema amerogwa. Somo hili lakusudia kuziondoa dhana hizo mbili.

Maelezo kwa Mwalimu

Tuanze na jambo ambalo wanafunzi wanalijua. Mtoto akijikata kidole, damu hutoka, kisha huganda: chembe sahani hukusanyika penye jeraha, na nyuzi za protini huzifunga pamoja. Baadaye mahali hapo hupata joto, huvimba na kuuma, kwa kuwa chembe nyeupe zimefika kupambana na vijidudu. Kuganda na kuvimba, basi, ni walinzi wawili wa mwili.

Katika selimundu walinzi hawa huamshwa bila adui. Himoglobini ya mgonjwa, ikishatoa oksijeni, hushikamana na kuwa nyuzi ngumu, na chembe nyekundu hupinda mfano wa mundu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hii huishi siku 10 hadi 20 tu. Ipasukapo humwaga himoglobini ndani ya damu, nayo hudhuru kuta za mishipa. Kuta hizo huanza kunata. Chembe nyeupe na chembe sahani huzishika, na damu huganda pasipo jeraha. Kuganda huongeza uvimbe, nao uvimbe huongeza kuganda. Sehemu isiyofikiwa na damu hukosa oksijeni, na hapo ndipo maumivu makali hutokea. Mshipa wa ubongo ukiziba, mtoto hupata kiharusi.

Vifaa

Mabua mawili ya majani ya mpapai yaliyo wazi ndani, punje za mtama, vipande vya njiti za ufagio vilivyokunjwa, na uji mzito uliopoa.

Hatua za Somo

1. Wanafunzi wapitishe punje za mtama katika bua la kwanza. Zitapita kwa urahisi.
2. Wachanganye punje na njiti zilizokunjwa, wapitishe tena. Waeleze wanachokiona.
3. Wapake uji ndani ya bua la pili, warudie. Waulize: kwa nini sasa linaziba upesi zaidi?
4. Eleza urithi. Wazazi wote wawili wakiwa na chembeurithi moja ya selimundu, kila uzazi una nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Lakini aliye mgonjwa malaria humdhuru sana, hivyo alale ndani ya chandarua.

Angalizo: kamwe usimsimamishe mtoto mgonjwa mbele ya darasa awe kielelezo.

Wajibu wa Mwalimu

Upungufu wa maji na baridi huzidisha kuziba kwa mishipa. Kwa hiyo mruhusu mtoto anywe maji wakati wowote na kwenda msalani aombapo. Miezi ya Juni na Julai, upepo wa Singida uwapo baridi, avae sweta hata kama si sare. Asilazimishwe mbio wala kubeba ndoo nzito. Akipata homa, akipumua kwa shida, au akilegea upande mmoja wa mwili, apelekwe kituo cha tiba siku hiyo hiyo, pasipo kungoja kengele ya kutoka.

Maswali ya Kujipima

1. Taja kazi ya kuganda kwa damu katika mwili wenye afya.
2. Uji katika bua unawakilisha nini?
3. Mwanafunzi anayeugua selimundu amechelewa namba asubuhi ya baridi. Utafanya nini, na kwa nini?