SOMO LA UFUNDI WA MAGARI: INJINI INAYOCHEMSHA KWENYE FOLENI

Wengi wenu mmeliona jambo hili kwenye barabara za kwenda mpakani. Gari linatoka Tororo na kukimbia vizuri, mshale wa joto umetulia. Likikaribia Malaba na kuingia kwenye foleni ya malori, mshale unaanza kupanda, na baada ya muda mvuke unatoka chini ya boneti. Dereva anaongeza maji, anangoja, anaendelea. Akipata barabara wazi, gari linapoa lenyewe. Kesho yake ni vilevile.

Foleni zenyewe si ngeni. Mwaka 2020, na tena Januari 2022, madereva walipotakiwa kupimwa Korona, malori yalijipanga kilomita nyingi kabla ya Malaba. Busia kilizinduliwa kituo cha pamoja cha ukaguzi mwaka 2018, ili msafiri akaguliwe upande mmoja tu, lakini siku za msongamano bado zipo. Gari lenye kasoro hujulikana siku hizo.

Tofauti hiyo kati ya mwendo wa kasi na foleni ndiyo dalili ya kushika. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, upepo wa barabarani hupita wenyewe kwenye rejeta. Likisimama, ni feni tu inayovuta hewa. Kwa hiyo, kama maji yamejaa na hayavuji, gari linalochemsha kwenye foleni tu lina upungufu wa hewa. Fundi anayekimbilia kubadilisha pampu ya maji kabla ya kutazama feni anampotezea mwenye gari pesa.

Kwanza usalama. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji yaliyo ndani yamebanwa kwa nguvu, na yakiruka huchubua uso na mikono. Zima injini, ngoja nusu saa au zaidi, weka kitambaa kizito, kisha zungusha kifuniko polepole. Fukuza watoto, gari linalotoa moshi huwavuta sana. Kumbuka pia kwamba feni ya umeme yaweza kuanza kuzunguka ghafla hata injini ikiwa imezimwa. Ondoa waya wa hasi wa betri kabla ya kuingiza mkono.

Sasa upimaji. Acha injini iungurume gari likiwa limesimama, hadi ipate joto. Chukua karatasi, hata hii unayosoma yafaa, uiweke mbele ya rejeta. Feni iliyo nyuma ya rejeta ikivuta vizuri, karatasi itanasa. Ikianguka, hewa haipiti. Ikisukumwa nje, huenda aliyetengeneza feni amegeuza nyaya zake.

Feni ya umeme isipozunguka kabisa, tazama fyuzi kwanza, kwa kuwa ni kitu rahisi. Kisha ipe mota umeme moja kwa moja kutoka betri. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima. Tafuta kosa kwenye relei, nyaya au swichi ya joto. Ikizunguka kwa uvivu, brashi zake zimekwisha.

Magari mengi ya dizeli yana feni inayoendeshwa na mkanda, yenye klachi ya mafuta katikati. Injini ikiwa imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Inapaswa kukupa ukinzani kidogo. Ikizunguka huru mara nyingi, au ukiona mafuta yaliyoganda na vumbi katikati yake, klachi imekufa. Wako mafundi wanaoichomelea ili isiteleze. Itakufikisha nyumbani, lakini inakula dizeli na mapanga yaweza kukatika, kwa hiyo isiwe ndiyo matengenezo.

Feni ikiwa nzima, chungulia mapezi ya rejeta. Huku kwetu hujaa matope, nyasi, wadudu, na vumbi la simenti kwa malori yanayobeba simenti ya Tororo. Vumbi la simenti lipigwe brashi likiwa kavu, maana likilowa hugandamana. Ndipo uoshe kwa maji ya nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Tazama pia kama lile boksi la plastiki linalozunguka feni lipo. Likiondolewa, feni huvuta hewa ya pembeni na kuiacha rejeta.

Kifuniko nacho kisidharauliwe. Tororo iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kifuniko kizima hubana maji yasichemke hadi karibu nyuzi 118. Mpira wake ukioza, kinga hiyo imekwenda.

Likichemsha hata barabara ikiwa wazi, hiyo ni kesi nyingine: rejeta iliyoziba ndani, thamostati iliyokwama, au gasketi ya hedi. Usitupe thamostati kama wengi wafanyavyo. Katika baadhi ya injini, ikiondolewa, maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, na joto huzidi.

Ukikamatwa kwenye foleni kabla ya kutengeneza, zima kipoza hewa na ufungue hita hadi mwisho, hata kama abiria watalalamika. Kama feni ni ya mkanda, weka gia huru na ukanyage mafuta kidogo. Mshale ukiendelea kupanda, toka kando na uzime. Maji baridi usimwage juu ya injini ya moto: hedi hupasuka, na bei ya hedi si sawa na bei ya fyuzi.