Chumba cha chini kwenye mteremko: sakafu isiyopandisha unyevu

Huku kwetu Mbalibali, na hata ukivuka mto Mara ukapanda upande wa Tarime, mtu mwenye kiwanja cha mteremko hukata udongo upande wa juu ili apate chumba kimoja au viwili chini ya nyumba. Chumba hicho huwa ghala la mahindi, duka, au chumba cha kijana aliyemaliza sekondari. Kwa mfuko ni uamuzi wa busara, maana unapata nafasi bila kuongeza bati. Tatizo huja masika yakishika, Machi hadi Mei. Niru inageuka nyeusi, plasta ya chini inachanua chumvi nyeupe, godoro linanuka uvundo, na magunia yaliyokaa sakafuni yanaota ukungu upande wa chini.

Nimefanya uashi kwenye vyumba vya namna hii kwa muda mrefu, na swali ninaloulizwa karibu kila mara ni lile lile: niweke marumaru, niru au kapeti la plastiki? Hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni maji yanatoka wapi. Dawa ya maji ya ardhini si dawa ya maji ya hewani, na kwa chumba cha chini fedha nyingi inapaswa kuzikwa chini ya zege kabla hujafikiria kitakachoonekana juu.

Kama chumba kipo tayari, jibu unalipata kwa kipande cha nailoni. Mama mmoja mwenye duka aliniita akasema, "Fundi, sakafu yangu inatoa jasho, nataka uing'oe yote." Nikamwambia, "Mama, leo tusing'oe kitu. Nitafutie nailoni na selotepu, tuonane kesho." Unakata nailoni angavu, nusu mita kwa nusu mita, unaibandika kingo zote nne zisipitishe hewa, kisha unaiacha usiku kucha; saa ishirini na nne ni bora zaidi. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni, au zege limekoza rangi pale lilipofunikwa, maji yanapanda kutoka ardhini. Ukikuta nailoni imelowa juu na chini ni pakavu, maji yametoka hewani: hewa ya vuguvugu yenye unyevu imegusa sakafu baridi na kuacha maji yake hapo, kama inavyofanya kwenye chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Kwa yule mama maji yalikuwa ya hewani. Tulitoboa matundu mawili yanayotazamana karibu na dari, naye akahamishia nje sufuria ya maharage iliyokuwa ikichemka mle ndani kutwa. Sakafu haikuguswa.

Jaribio hilo lifanye sehemu mbili tatu, na mojawapo iwe karibu na ukuta uliokatwa kwenye mteremko. Vyumba vingine vina matatizo yote mawili kwa pamoja, katikati maji ya hewani na pembeni maji ya ardhini.

Maji ya ardhini yanahitaji uujue udongo wako. Udongo mweusi wa mbugani, ule unaonasa gari masika na kupasuka nyufa kiangazi, ni mbaya kwa sakafu kwa njia mbili. Hunyonya maji ukavimba, ukikauka husinyaa, na jamvi la zege lililolala juu yake hupanda na kushuka hadi lipasuke. Tena chembe zake ni ndogo mno, na nafasi kati ya chembe inapokuwa nyembamba ndipo maji hupanda juu zaidi, yenyewe, bila kusukumwa na kitu. Kati ya mawe na kokoto nafasi ni pana, maji hayapandi. Ndiyo sababu tunaweka mawe chini ya jamvi. Watu wengi hudhani ni kwa ajili ya uimara tu.

Wala usipime ukavu wa kiwanja mwezi wa Agosti. Chimba shimo la mita moja Aprili, chini ya usawa unaotaka kuweka sakafu, ulifunike mvua isiingie, kisha ulitazame siku inayofuata. Maji ya ardhini huwa yanapanda na kushuka. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika kimo ambacho halikuwa limewahi kupimwa nacho, likapita rekodi ya 1964, na maji yakaingia kwenye nyumba za mwambao. Sisi tuko mbali na ziwa, lakini mabonde yetu yanashuka kuelekea mto Mara, na mvua ikikaa muda mrefu chemchemi huibuka mahali palipokuwa pakavu kwa miaka. Shimo lako likijaa maji hadi usawa wa sakafu unayoitaka, nakushauri kwa moyo wote: usichimbe chumba hapo. Inua nyumba. Hakuna zege la bei yetu litakaloshindana na maji yanayosukuma kutoka chini mwaka baada ya mwaka.

Shimo likiwa kavu, jenga kutoka chini kwenda juu hivi. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, na udongo mweusi wote unaoweza kuufikia. Jaza moramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka uliloweshe kidogo na kulishindilia kabla ya kuongeza jingine. Ukimwaga kifusi chote kwa mkupuo mmoja, unakuwa umeshindilia sehemu ya juu peke yake. Juu ya moramu panga mawe, sentimita 15 tena. Mkoa wa Mara hauna njaa ya mawe. Mianya yake ijazwe kokoto. Ukiijaza udongo umeyarudishia maji njia yake. Kisha tandaza mchanga wa sentimita 5 ili kufunika ncha za mawe, kwa ajili ya kinachofuata.

Kinachofuata ni nailoni, na hapa ndipo ninapogombana na wenye nyumba. Katika orodha nzima ya vifaa hiki ni kati ya vile vya bei ndogo, na ndicho cha kwanza kufutwa fedha ikipungua. Kama lazima upunguze kitu, punguza marumaru. Nailoni iwe nzito, geji 1,000, yaani unene wa robo milimita. Ile nyembamba ya kufunikia bidhaa sokoni hutoboka kabla zege halijafika. Vipande vipishane sentimita 30 na vifungwe kwa selotepu pana. Kingo zipande ukutani hadi zikutane na karatasi ya lami iliyolazwa kati ya msingi na tofali, kwa sababu ukifunga sakafu ukaacha ukingo wazi, maji yatahamia ukutani. Siku ya kumwaga, weka mbao za kupitishia toroli. Nimeona nailoni nzuri ikichanwa na tairi la toroli katika dakika tano za haraka, na baada ya zege kumwagwa hakuna anayeweza kujua tundu liko wapi.

Jamvi lenyewe liwe la sentimita 10, mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne: saruji, mchanga, kokoto. Maji ndiyo yanayoamua ubora. Mfuko wa kilo 50 unataka lita 25 hivi, ndoo moja na robo, na chini ya hapo kama mchanga umelowa. Saruji hutumia sehemu tu ya maji hayo kushikamana. Yanayobaki hutoka polepole na kuacha vijia vyembamba ndani ya zege. Fundi anayeongeza ndoo ya pili ili zege litiririke anatengeneza vijia vingi zaidi, na ndivyo unyevu utakavyopita baadaye. Zege gumu lina kazi, linahitaji kusukumwa na kugongwa hadi litoe hewa. Mlipe kibarua wa ziada, usilipe kwa maji.

Mchanga wa mtoni nao uupime. Weka mchanga theluthi moja ya chupa angavu, jaza maji, tikisa, acha hadi kesho. Tope litakaa juu ya mchanga. Likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, usiupokee, au uuoshe. Dawa za kuchanganya kwenye saruji ili isipitishe maji husaidia kupunguza unyonyaji, nami huzitumia kwenye plasta ya ukuta wa nyuma, lakini muuzaji anayekuambia dawa hiyo inaondoa haja ya nailoni anakudanganya.

Baada ya kumwaga, sakafu inyweshwe siku 7 bila kukosa, ikifunikwa magunia yaliyoloweshwa. Zege lililokauka haraka juani huwa dhaifu na lenye vinyweleo vingi.

Sasa ukuta uliokatwa kwenye mteremko. Huo ndio mlango mkubwa wa maji, na sakafu nzuri peke yake haitakuokoa nao. Pigia plasta upande wa nje, pakaza lami, kisha acha nafasi ya sentimita 30 kati ya ukuta na udongo uijaze kokoto. Chini kabisa, pawe chini ya usawa wa sakafu, laza bomba lenye matundu linaloteremka hadi litokeze upande wa bondeni. Na maji ya bati yasiangukie hapo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipokea mvua ya milimita 20 linamwaga lita 2,000 kwenye miguu ya nyumba. Weka gata na tangi, utapata na maji ya kunywesha ng'ombe.

Ndipo tunafika kwenye uso wa sakafu. Chaguo langu kwa chumba cha chini ni niru: sakafu ya saruji na mchanga moja kwa tatu, sentimita 4 hivi, na niru ipigwe siku hiyo hiyo kabla haijashika. Ni nafuu, inarekebishika, na ikipata unyevu kidogo inauachia hewani badala ya kuufungia. Ubaya wake ni utelezi ikilowa, kwa hiyo mlangoni iache na mikwaruzo ya brashi. Terazo ni bora zaidi kwa anayemudu. Marumaru zinavumilia, mradi zege limekauka, na zege hukauka pole: hesabu mwezi mmoja kwa kila milimita 25, hivyo jamvi la sentimita 10 linataka miezi minne ya hali nzuri. Kapeti la plastiki na rangi nzito za sakafu siziwekei mkono kwenye chumba cha chini ambacho hakina nailoni. Unyevu ukikosa pa kutokea hujikusanya chini yake, rangi inabanduka, kapeti linaoza kwa chini. Bibi zetu waliosiriba sakafu kwa udongo na samadi walikuwa na sakafu inayopumua, na waliisiriba upya mara kwa mara. Mji Mkongwe wa Zanzibar nao unasumbuka na jambo hili: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zikipigwa plasta ya saruji, unyevu hufungwa ndani na ukuta huharibika.

Kwa sakafu ya zamani inayopandisha maji, anza nje. Chimba mtaro, weka gata, pitisha masika moja, pima tena kwa nailoni. Mara nyingi hilo linatosha. Lisipotosha, na dari ikiwa juu vya kutosha, tandika nailoni nzito juu ya sakafu ya zamani na umwage zege jipya la sentimita 7 lenye wavu wa chuma. Pima kwanza urefu wa mlango, maana utapungua. Dari ikiwa fupi, hapo ndipo sululu inapohitajika.

Na kama chumba ni cha mahindi, hata sakafu ikiwa imekauka, magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta kwa nusu mita. Mahindi yaliyokauka vizuri hunyonya unyevu tena kutoka kwenye zege, na ukungu wake ndio unaoleta sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Chaga za mbao unaweza kuzigonga mwenyewe kwa mabaki ya mbao za jamvi.