Spiriti na maji: mnara wa gololi una kazi gani?

SWALI: Mwalimu, spiriti huchemka kwa nyuzi 78 na maji kwa nyuzi 100. Mbona tukichemsha mchanganyiko wake haitoki spiriti tupu, maji yakabaki?

JIBU: Kwa sababu maji hayasubiri zamu yake. Nguo hukauka kambani bila kufika nyuzi 100, sivyo? Basi mvuke unaotoka kwenye chupa huwa na vyote viwili, ila spiriti imeongezeka kuliko ilivyokuwa chini.

Hapo ndipo mnara uliojazwa gololi za kioo unapoingia kazini. Mvuke ukigusa gololi hupoa, ukawa matone. Mvuke mpya unaofuata huyapasha joto, nayo huvukizwa tena, safari hii yakiwa na spiriti nyingi zaidi. Maji mengi hudondoka kurudi chupani. Mambo hayo hurudiwa mara nyingi ndani ya mnara mmoja, kana kwamba umekeneka tena na tena. Moto uwe wa taratibu. Ukiuharakisha, mvuke hupita mbio bila kuchujika.

Hata hivyo kuna kikomo, nami naona hili ndilo jambo tamu kuliko yote. Spiriti ikifika takriban asilimia 95.6 kwa uzito, mvuke na kimiminika huwa na uwiano uleule, na mnara hata uwe mrefu vipi hausaidii tena. Maji yaliyobaki huondolewa kwa kitu kinachoyanyonya, kama chokaa ambayo haijatiwa maji.

Mvuke wa spiriti hulipuka upesi. Tafadhali fanyeni jaribio hili maabara tu, mbele ya mwalimu.