Refleksi, Mazoea na Taklifu: Somo kutoka Ziwa Mweru hadi Morogoro



Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, wenzetu wanaosoma saikolojia hufundishwa kwamba tabia nyingi za mwanadamu ni mazoea aliyojengewa na mazingira. Hapo huzuka swali darasani: ikiwa tabia ni mazoea, mtu anaulizwaje juu ya matendo yake Siku ya Kiyama? Ili tulijibu, tuanze kwa kutenganisha mambo matatu.

1. Refleksi: tendo lisilofundishwa

Ukigusa sufuria ya moto, mkono hurudi kabla hujawaza. Habari ya moto hupanda kwa neva hadi uti wa mgongo, na amri ya kuvuta mkono hutoka papo hapo. Ubongo huja kuhisi maumivu baadaye kidogo. Mboni ya jicho kusinyaa kwenye mwanga na mtoto mchanga kunyonya ni za jamaa hii. Kinachoamsha tendo huitwa kichocheo, na tendo lenyewe huitwa mwitikio.

Wanyama nao wana miitikio ya kuzaliwa. Katika Ziwa Mweru, kwenye ufukwe wa Nchelenge na Puta nchini Zambia, wavuvi huingia ziwani usiku na taa kutafuta chisense, samaki wadogo mfano wa dagaa wetu. Samaki huufuata mwanga, nyavu zikawazoa, na asubuhi wakaanikwa juani. Chisense hakufundishwa na yeyote kuufuata mwanga. Ni maumbile yake. Mvuvi ndiye aliyejifunza kutumia maumbile hayo.

2. Kujifunza kwa kuambatanisha

Sasa mchukulie paka anayeishi karibu na mwalo. Harufu ya samaki humtoa udenda bila mafunzo. Mlio wa injini ya mtumbwi haumhusu. Lakini kila mlio ukifuatwa na samaki, siku nyingi mfululizo, utamkuta amesimama majini kabla mtumbwi haujaonekana. Mlio umechukua nafasi ya samaki.

Kanuni hii ilichunguzwa na Mrusi Ivan Pavlov (1849–1936), aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula. Aliona mbwa wake wakitoa udenda hata kabla ya kulishwa, kwa ishara tu zilizozoea kutangulia chakula. Akaona pia kwamba ishara ikirudiwa mara nyingi bila chakula, mwitikio hufifia.

Wahenga wetu walilijua jambo hili: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ametaja katika kitabu chake cha usuli, al-Mustasfa, mtu aliyeumwa na nyoka anavyoikimbia kamba yenye madoadoa. Akaeleza kwamba dhana huunganisha vitu viwili kwa kuwa vilikutana mara moja, ingawa akili inajua kamba si nyoka. Hiyo ni karne nane kabla ya maabara ya Pavlov.

3. Kujifunza kwa matokeo

Aina ya pili haianzi na ishara, inaanza na tendo. Tendo likileta faida hurudiwa; likileta hasara au lisipoleta kitu hupungua. Mmarekani B. F. Skinner aliifafanua kanuni hii katika kitabu chake cha mwaka 1938.

Mfano mzuri uko Morogoro. Shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Kwanza panya huzoeshwa kwamba mlio mdogo maana yake ni chakula: hapo ni Pavlov. Kisha mlio na chakula hutolewa pale tu anapoitambua harufu inayotakiwa: hapo ni Skinner. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alibaini zaidi ya mabomu na milipuko 100, akatunukiwa medali ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020.

Mafakihi nao walishughulika na suala hili. Surat al-Maida, aya ya 4, inahalalisha windo la mnyama aliyefunzwa. Wakauliza: atajulikanaje kuwa amefunzwa? Wakaweka alama: akitumwa aende, akizuiwa asimame, akikamata asile. Tena isiwe kwa bahati. Lazima ijirudie, na baadhi yao wakasema mara tatu. Walipima tabia kwa kinachoonekana na kwa kurudiwa kwake.

4. Taklifu inaanzia wapi?

Refleksi haina dhambi. Ndiyo maana mtazamo wa kwanza wa ghafla umesamehewa, na wa pili, ulioufuatisha mwenyewe, ukakatazwa. Panya buku hachagui mafunzo yake. Wewe una akili, unaweza kukitambua kichocheo, ukakiepuka au ukakibadilisha. Mazoea yanaeleza kwa nini jambo ni zito, lakini hayaondoi wajibu.

Angalia kubeti, kunakowatafuna wanafunzi wengi vyuoni. Watafiti wa tabia wamebaini kwamba tuzo inayokuja mara moja moja, bila kutabirika, hujenga mazoea magumu kuliko yote kufutika. Mkeka hufanya kazi hivyo hasa: unapoteza mara nyingi, unashinda mara moja, na mara hiyo moja inakurudisha. Kijana anayesema "nimeshindwa kuacha" hasemi uongo. Lakini al-Maida hiyo hiyo, aya ya 90, imetuamrisha kujitenga na kamari. Kujitenga ni zaidi ya kutocheza: ni kuviweka mbali vichocheo. Futa programu kwenye simu, ondoka kwenye kundi la wabashiri, na saa uliyozoea kubeti ipe kazi nyingine. Siku za mwanzo hamu itapanda. Usiilishe hata mara moja, kwani ushindi mmoja huyafufua mazoea yote.

Kwa upande wa kheri, Ghazali anasema anayetaka kuwa mwandishi mwenye hati nzuri aige kazi ya waandishi, akirudiarudia mpaka iwe tabia yake. Amali ndogo ya kudumu ndiyo ipendezayo zaidi kwa Allah. Tahadhari ni moja: adhana inaweza kukuinua kama mlio unavyomwinua paka, ukaswali mwili tu. Kinachotenganisha ada na ibada ni nia. Ihuishe kila unaponyanyua mikono kwa takbira.

Maswali ya halaqa:
1. Taja tendo lako moja la kila siku. Kichocheo chake ni nini, na tuzo yake ni nini?
2. Kwa nini kumsema vibaya aliyezama kwenye kamari hakutoshi kumwokoa?

Wallahu a'lam.